Mtoto amechelewa kukaa, kutembea au kusema: anzia hapa

Mimi ni fundi mitumbwi katika mwalo wa Igombe, huku Ilemela, Mwanza. Udaktari sina. Ila kwa kuwa natengeneza pia viti vya watoto ambao hawajaweza kukaa wenyewe, haipiti wiki bila mzazi kuja kusimama pembeni ya mtumbwi, akasubiri nimalize kugonga, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, hivi wa kwako ilikuwaje?"

Wa kwangu ni Doto, pacha wa Kulwa. Walizaliwa kabla ya wakati. Doto alifuata nyuma, na akachelewa kulia. Leo wote wawili wako darasa la awali, Doto akiendelea na mazoezi, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Basi nimeyaandika majibu ili na aliyeko visiwani, Ukara au Kome, asiyeweza kufika kwangu, ayapate.

Jibu la kwanza ni moja kwa wote: usingoje kuambiwa jina la ugonjwa ndipo uanze. Mtumbwi ukiingiza maji, kwanza unaziba. Nani aliutoboa mtaulizana mkishafika nchi kavu. Vipimo vifuatilieni, tena msivilegezee. Lakini mtoto wa mwaka mmoja anajifunza leo, akiwa mgongoni, akiwa kwenye beseni, akiwa analishwa. Ubongo hujengeka kwa kasi sana miaka hii ya mwanzo. Na miezi sita ya kungoja majibu ni nusu ya maisha yote ya mtu mwenye miezi kumi na miwili.

Kumwangalia mtoto

Kama alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyekuja miezi miwili mapema, akifikisha miezi minane kwa kalenda, mpime kama wa miezi sita. Hesabu hii inafaa mpaka kama miaka miwili. Baada ya hapo "huyu ni njiti" kinabaki kuwa kisingizio, na nimekutana na wazazi waliokishikilia mpaka mtoto akafika miaka minne.

Shingo iwe imekaza kufikia miezi minne. Kukaa bila kushikwa, Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya wa nchi mbalimbali, karibu wote walikuwa wameweza kufikia miezi 9 hivi. Kutembea wenyewe, wa mapema waliwahi kwenye miezi 8, na karibu wote walikuwa wanatembea kabla ya kutimiza miezi 18. Ona nafasi ilivyo pana hapo. Kwa hiyo jirani akikwambia wa kwake alitembea na miezi tisa, mpongeze, mambo yaishe. Kutambaa ndiyo usikuhangaikie sana, maana wapo wenye afya njema ambao hawatambai kabisa: wanajiburuta kwa makalio, siku moja wanasimama dede, safari imeanza.

Upande wa kusema na kuelewana: miezi mitatu awe anakuchekea ukimchekea. Mwaka ukifika, awe anabwabwaja, anapunga mkono, anageuka akiitwa. Miezi 18, awe na neno moja moja. Miaka miwili, awe anaunganisha mawili: "lete maji", "baba njoo". Asiyekuangalia usoni, haonyeshi kitu kwa kidole na hajali jina lake likiitwa, mpeleke hata kama anatembea vizuri. Huko huwa tunachelewa kweli kweli, kwa sababu mtoto anayetembea haonekani kuwa na tatizo.

Lakini mimi kuliko tarehe naangalia mikono na miguu. Mtoto chini ya mwaka anayetumia mkono mmoja tu, na ule mwingine umefunga ngumi muda wote, usifurahi kwamba umepata mtu wa mashoto. Umri huo mikono yote miwili inatakiwa kufanya kazi. Ukimnyanyua miguu ikipishana kama mkasi, au akiwa amelegea kiasi kwamba ukimshika kwapani anakuponyoka, hiyo ni habari ya kupeleka kliniki, wala usingoje afike umri fulani.

Kuna mambo ambayo hayangoji hata siku ya kliniki. Mtoto aliyekuwa anajua kitu akakisahau: alikuwa anakaa, sasa anaanguka, alikuwa na maneno, yamekwisha. Kichwa kinachokua haraka, macho yakielekea chini. Mboni inayoonekana nyeupe, hasa kwenye picha ya simu. Na degedege, pamoja na ile aina inayodanganya watu, mtoto anapojikunja ghafla kama ameshtuka, anaachia, anajikunja tena, mfululizo, mara nyingi akitoka usingizini. Bibi atasema ni mchango. Wewe toa simu urekodi, uende hospitali siku hiyo hiyo. Daktari akiona video ya nusu dakika ataelewa kuliko maelezo yako ya saa nzima, kwa kuwa mtoto akifika mbele ya daktari hajikunji ng'o.

Akipata degedege ya kutikisika, mlaze ubavu, toa vitu vya kumuumiza karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano haijaisha, kimbia naye. Na sisi wa ziwani, mtoto mwenye kifafa haachwi ufukweni na mtoto mwenzake hata dakika moja, hata maji yakiwa ya magotini.

Kadi, rufaa, na namna ya kusema

Mlango ni kliniki ya mtoto, pale pale mnapochanjia. Tatizo ni kwamba tunaingia mlango huo na kutoka bila kusema. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, kilo zinaandikwa, anaitwa mwingine. Foleni imefika nje, nesi yuko peke yake, siwezi kumlaumu. Wewe ndiye uliyekuja na shida, kwa hiyo wewe ndiye useme.

Usiseme "mtoto wangu hayuko sawa." Jibu lake linajulikana: "Atakua tu, mama." Sema kitu kinachoonekana kwa macho. "Ana miezi kumi. Nikimkalisha anaanguka mbele. Ngumi ya kulia haifunguki." Halafu omba sentensi hiyo hiyo iandikwe kwenye kadi, na tarehe.

Katika kituo kimoja tuliambiwa turudi Doto akitimiza miaka miwili. Alikuwa na mwaka mmoja. Mke wangu hakugomba. Alifungua kadi, akaiweka mezani, akasema kwa adabu zote, "Sawa dada yangu, basi naomba uandike hapa kwamba umeniambia nirudi mwakani, na jina lako." Yule dada akaitazama kadi, akamtazama Doto mgongoni, akainuka kwenda kumwita mganga mfawidhi. Tuliondoka na barua ya rufaa. Maneno hayo nimewapa wazazi wengi wayatumie, na sharti langu ni lile lile la mke wangu: usipandishe sauti.

Rufaa itakupeleka Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, ya kanda. Nenda na kadi ya kliniki, maelezo ya uzazi kama unayo (alilia lini, alikaa wodi ya njiti siku ngapi, alipata manjano makali au la), na video zako. Ukiwa huko hakikisha mtoto ameangaliwa masikio na macho, na ameonwa na mtu wa fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Waulize pia kuhusu ugonjwa wa damu wa siko seli kama hajawahi kupimwa. Kanda ya Ziwa inayo kwa wingi, na siko seli inaweza kumpa hata mtoto mdogo kiharusi.

Masikio nayasisitiza kwa sababu ya habari ya kukata ulimi. Mtoto hasemi, mtu anachungulia mdomoni, anasema ulimi umefungwa, wembe unatafutwa. Wengine wanakata kimeo. Mtoto asiyesikia hawezi kusema hata ungemkata nini. Nyumbani jaribu hivi: mtu mmoja amshughulishe kwa mbele, wewe kaa nyuma asikuone, gonga sufuria kwa kijiko, kisha ita jina lake kwa sauti ndogo. Fanya siku tofauti. Akishtuka kwa sufuria lakini hageuki kwa jina, bado nenda kapime, kwa kuwa kuna watoto wanaosikia kishindo na hawasikii maneno. Na akisikia kila kitu usirudi nyumbani ukaketi; kipimo cha hospitali kinaona ambacho kijiko hakioni.

Nauli ndiyo inayowashinda wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini sera haipandi daladala. Omba miadi ya masikio na ya mazoezi iwe siku moja. Ukieleza kuwa unatoka kisiwani, mara nyingi wanakubali. Wa Sengerema na Buchosa, tangu Juni 2025 mna daraja la Kigongo–Busisi, hamgandi tena kusubiri kivuko. Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii: kama gharama imekushinda, nenda na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji uombe msamaha kabla ya kuanza kudaiwa, usingoje mpaka deni limeshalala. Na mtaalamu wa mazoezi akimshika mtoto, omba ruhusa urekodi mikono yake. Mikono, sio uso. Tulirudi Igombe na video za namna hiyo, tukawa tunaziangalia mimi na mke wangu na mama yangu, tunabishana nani anakosea.

Mazoezi yaliyo ndani ya kazi za nyumbani

Hapa ndipo wazazi wanaponitazama wakitegemea nitoe ratiba. Saa mbili mazoezi, saa nne mazoezi. Mama anayeanika dagaa hana saa mbili wala saa nne. Dagaa wakishushwa jua linawasubiri, na mvua pia inawasubiri. Ukimpa ratiba ya hospitali ataifuata siku tatu, ya nne ataiacha na kujiona mzazi mbaya. Kwa hiyo chukua kazi ambazo lazima zifanyike hata dunia ikigeuka, yaani kubeba, kuogesha, kuvalisha na kulisha, ubadilishe namna unavyozifanya.

Kubeba. Mbeleko ni nzuri kwa mtoto mwenye miguu migumu, kwa sababu inaikunja na kuitenganisha. Kwenye nyonga vilevile, mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Kibaya ni kumbeba amenyooka kama mkungu wa ndizi begani, au kumshika kwapani na kumsimamisha kwenye mapaja yako huku anagusa kwa ncha za vidole. Watu wanashangilia, "Anasimama huyo!" Hasimami. Ni ukakamavu unaomsukuma, na kila mkirudia unazidi kuzoea. Beba upande wa kulia leo, kesho kushoto, ili kichwa kisizoee kugeukia upande mmoja.

Kuogesha na kuvalisha. Maji ya vuguvugu hulegeza misuli, kwa hiyo baada ya kuoga ndipo ufungue ngumi: usivute vidole, kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, ngumi itaachia yenyewe, halafu panguza kiganja kwa kitambaa. Kuvua nepi usivute miguu ambayo imekazana. Kunja magoti yaje kifuani, itikise kiuno polepole, miguu itafunguka. Ule mkono au mguu mgumu uvalishe kwanza, wakati wa kuvua uwe wa mwisho. Na kila unapogusa, taja: "Mkono uko wapi? Huu hapa. Unaingia." Maneno yale yale kila siku, mpaka ayachoke. Asipoyachoka hajayajua.

Kulala kifudifudi akiwa macho. Viringisha khanga, iweke chini ya kifua, mikono mbele, kitu cha kuvutia mbele yake. Kwetu kitu hicho kilikuwa Kulwa. Dakika chache, mara nyingi kwa siku, na asilie mpaka akachukia. Ukiwa unachambua dagaa, mlaze hivyo kwenye mkeka pembeni yako. Umeshafanya mazoezi.

Kulisha nakuomba usome mara mbili. Mtoto aliyechelewa kukaza shingo hulishwa amelala, kichwa kimerudi nyuma, na akikataa anabanwa pua ili afungue mdomo. Chakula kinaingia kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana wengine hawaishi kuugua nimonia, na watu wanadhani ni baridi ya ziwa. Mkalishe wima, akuelekee, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Kijiko kidogo kitoke mbele kwa usawa wa mdomo. Kikitoka juu atainua kichwa kukifuata, na koo linafunguka vibaya. Gusa mdomo wa chini, subiri aufunge mwenyewe, usikwangue uji kwenye meno ya juu. Uji uwe mzito, wa kushika kijiko, maana wenye shida ya kumeza hushindwa zaidi na vitu vyepesi kama maji. Tia unga wa dagaa uliochekechwa vizuri miiba isibaki, tia karanga iliyosagwa laini, tia mafuta kidogo, kwa kuwa watoto hawa wanachoka kabla hawajashiba na kila kijiko kinatakiwa kiwe na nguvu. Akikohoa kila mlo, au sauti ikawa na majimaji baada ya kula, waambie hospitali kwa maneno hayo hayo.

Kumsemesha. Shuka usawa wa macho yake. Sema neno, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, sisi watu wazima tunauliza na kujibu wenyewe. Shika kikombe mkono huu na ndizi mkono ule, uliza anataka kipi, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Jicho likienda kwenye ndizi, hilo ni jibu, sema "ndizi!" umpe. Kesho atanyoosha mkono. Kuna wanaoambiwa waache kumsemesha mtoto Kisukuma au Kikerewe ili asichanganyikiwe. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Bibi aendelee na Kisukuma chake, baba na Kiswahili chake, mradi mtu anazungumza naye. Simu haizungumzi naye, inazungumza tu. Shirika la Afya Duniani limesema tangu 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji kioo cha simu wala televisheni kabisa, na wa miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Vya kuchezea usinunue. Chupa ya maji iliyotiwa kokoto, kifuniko kikafungwa kwa gundi kisifunguke. Kitambaa cha kufichia kitu. Vikombe vya kuingizana. Vile vigari vya plastiki vya kukalia na kukanyagia, vinavyouzwa mjini, okoa hela yako: havifundishi kutembea, vinamzoesha kukanyagia vidole, na vinapinduka.

Kiti

Kiti changu ni cha kona. Mbao mbili za mgongo zinakutana kama kona ya chumba, nyuzi 90, mtoto anaingia katikati. Kona inayasukuma mabega mbele, mikono inakutana kifuani, na mikono ikikutana mtoto anaanza kuchezea vidole vyake mwenyewe. Doto alipokalishwa kwenye cha kwanza aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, kama ya mtu mwingine, kisha akaipeleka yote mdomoni.

Mpimeni mtoto amekaa, amekunjwa magoti, watu wawili, mmoja akimshikilia. Kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili: hicho ni kina cha kikalio. Usipotoa vidole viwili ubao utabana nyuma ya goti na atateleza mbele. Nyuma ya goti mpaka kisigino: kimo cha kikalio, kwa sababu nyayo lazima zikanyage, zisining'inie. Upana wa nyonga, ongeza kidole kila upande. Kikalio mpaka begani, kimo cha mgongo. Ambaye shingo haijakaza, pandisha mpaka juu ya kichwa. Kikalio mpaka kiwiko akikunja mkono: hapo ndipo ikae meza.

Mbao tumia msonobari mpya, mwepesi, mama anaweza kukibeba. Usitumie ubao uliotoka kwenye mtumbwi wa zamani, una lami na kalafati na mtoto atalamba. Funga kwa skrubu. Msumari kwenye kiti unatoka kidogo kidogo kila mtoto anapojirusha, na ukitoka unatokea upande wake. Piga msasa kingo zote mpaka upitishe shavu lako mwenyewe bila kuogopa. Pachika sponji ya godoro, funika kwa turubai laini linalofutika.

Katikati ya magoti weka kigingi cha mviringo, kilichovikwa sponji. Kikae mbele, karibu na magoti, kisisogee mpaka kwenye mapaja ya juu. Kazi yake ni kutenganisha magoti tu. Kuzuia asiteleze ni kazi ya mshipi, nao unapita juu ya nyonga, pale paja linapokunjika. Ukipita tumboni ataning'inia juu yake na kushindwa kupumua vizuri. Mkanda wa begi unafaa, na kifungo chake.

Nusu saa, halafu mbadilishe mkao. Kiti kimekusudiwa kula na kucheza, na mtoto anayeachwa humo kutwa amefungwa tu. Akitoka angalia ngozi: wekundu ambao haujaondoka baada ya kama dakika ishirini maana yake mahali hapo panabana, rudi kwa fundi. Na kabla ya fundi yeyote kukata ubao, mimi nikiwemo, mtu wa fiziotherapia aone mtoto. Kuna wenye nyonga iliyochomoka, ambao kiti hiki kama kilivyo kitawaumiza. Baada ya miezi mitatu pima tena, mtoto anakua.

Watu wa nyumbani

Mama huwa anashtakiwa kabla ya yote. Alikula nini, alimkosea nani, ukoo wao una nini. Baba mwenzangu, kikao cha namna hiyo kikianza, wewe ndiye wa kukifunga, kwa sababu maneno yale yale akiyasema yeye yataitwa jeuri. Mtoto aliyechelewa kulia alikosa hewa. Hakuna mkwe aliyefanya hivyo.

Mama yangu alitaka Doto apelekwe kwa mganga mmoja upande wa Magu. Sikugombana na mama. Tulikubaliana: maombi na baraka ruksa, mafuta ya kuchua ruksa tena achue yeye, maana ana mikono mizuri; lakini kuchanja chale, kumnywesha dawa na kumfukia mchangani mpaka kiunoni ili asimame, hapana. Mtoto ambaye miguu yake imekakamaa, ukimfukia umemfunga katika mkao ule ule unaotakiwa kuvunjwa. Kisha nikamwonyesha mama ile video ya hospitali. Siku hizi yeye ndiye anayewafokea majirani wanaombeba Doto vibaya.

Kwa wavuvi wa dagaa nina shauri ambalo hospitali hawalijui. Sisi tunaishi kwa mwezi. Giza likiwepo baba yuko ziwani usiku na amelala mchana. Mbalamwezi ikitoka karabai zinapumzika na baba yuko nyumbani. Basi miadi ya hospitali ombeni iangukie siku za mbalamwezi, na nauli iwekwe pembeni wakati wa giza, kabla haijaliwa. Siku hizo za mbalamwezi baba ndiye alishe na kuogesha. Mama alale.

Mtoto mwenzake usimgeuze mlezi, ila mwache acheze. Kulwa alimfundisha Doto kutambaa kwa kumnyang'anya kila alichoshika.

Ofisi na shule

Kwenye halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, na mtaani kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wajulisheni wote wawili mapema ili mtoto aandikwe. Nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilizinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Ukimwambia afisa kwamba umekuja kwa ajili ya MMMAM atajua unazungumzia nini. Tafuta pia wazazi wenzako. Sisi tulianza watu wachache tuliojuana kwenye benchi la fiziotherapia. Tunapeana nguo zilizobana, viti vilivyozidiwa na watoto, na habari za daktari gani yuko siku gani. Akina mama wa kikundi wakitaka mtaji, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Waulize afisa maendeleo ya jamii wa kata wanaangukia wapi.

Shule ianze kuzungumzwa mwaka mmoja kabla. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu ukiwa na mtoto, mwone pamoja choo, ngazi na mahali pa kukaa. Akisema hawezi kumpokea, usiishie kwake. Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalum, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma kama wengine. Siku ya kwanza mpelekee mwalimu kiti, umwonyeshe mshipi unavyofungwa na kufunguliwa, umwambie mtoto anaombaje kwenda chooni na anapewa muda gani kujibu akiulizwa. Kwa Doto ni kuhesabu mpaka kumi. Mwalimu wake aliniambia ameanza kuwahesabia na wengine.